Usukani wa Kuume

Wanangu, kabla hamjakaa, ondoeni hizo simu mbele ya macho yangu. Kila Jumapili nikitoka misa, sijafika hata kona ya soko hapa Masisi, kijana ananisimamisha. "Mama Masika, angalia hii gari, iko muzuri?" Naangalia. Ni picha iliyopigwa huko Japani kwenye uwanja uliofagiliwa, gari imeoshwa mpaka inaona haya. Nitajuaje kama ni nzuri? Hata mimi mkinipaka mafuta na kunisimamisha kwenye uwanja uliofagiliwa, mtasema nina miaka thelathini.

Nimestaafu. Nimelisema hilo mpaka ulimi umeota sugu. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa deklaran pale Goma, yaani yule mtu anayesimama katikati ya mwenye gari na watu wa duane, hao wa forodha, anayejaza makaratasi, anayepanga foleni, anayetukanwa na pande zote mbili. Niliingiza magari ya Kijapani yaliyotumika, na mengi yalikuwa ya zamani kabisa, zile jeep zenye sura ya sanduku. Nasikia huko kwao matajiri wanazifunika kwa kitambaa na kuzitoa siku za sikukuu. Huku kwetu tunazipakia maharagwe. Sasa nalima mihogo kwenye kilima cha marehemu mume wangu, na mgongo unaniuma. Lakini kwa kuwa hamtaki kuniacha, nayaandika mara moja, msome, kisha mniache nipalilie.

Mnaniuliza kila siku kwa nini nasifu magari ya kizee. Kwa sababu gari mpya ina ubongo. Ubongo huo ukiingia maji ya Ngungu unagoma, na kati ya hapa na Walikale hakuna fundi mwenye mashine ya kuubembeleza. Gari ya zamani haina ubongo, ina mota tu. Inaharibika, ndiyo, lakini inaharibikia mahali unapopaona kwa macho, na unaitengeneza kwa ufunguo namba kumi na nne na matusi kidogo.

Mfanyabiashara mmoja wa Walikale alikataa ushauri huu akaagiza gari ya kisasa. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamke. Kila ukiwasha mota, anasema maneno ya Kijapani kwa upole, polepole. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba anakumbusha kadi ya kulipia barabara za kwao. Mke wa yule baba alipanda siku ya kwanza, akaisikia, akashuka.

"Uyu mwanamuke ni nani?"

"Ni gari njo inasema, Mama."

"Gari inasemaka na sauti ya kitandani?"

Alinipigia simu mara saba, yule mama, akitaka nimfukuze huyo mwanamke nimrudishe kwao. Fundi alipomkata, alikata pamoja na waya za taa. Mpaka leo gari ile inatembea mchana tu.

Na msinianzie habari ya redio. Redio za magari ya zamani ya Japani zinashika masafa ya kwao, hazifiki kwenye stesheni nyingi zetu. Haijaharibika! Usiirudishe kwangu! Wateja wangapi wamenijia ofisini wamebeba redio kifuani kama mtoto mgonjwa, wanadai nimewauzia kitu kilichokufa. Mimi hata sikuwauzia, niliwavushia tu.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Papa Katembo, Mnande wa Butembo kama mimi, mzee aliyesali rozari kwenye foleni ya duane bila kupoteza nafasi yake. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Masika, gari haiingiake na magurudumu. Inaingiaka na makaratasi." Nikaliamini mno, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Karatasi ya kuandikia namba ya chasi ilikuwa na visanduku kumi na saba. Lakini gari iliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe ina namba fupi, haifiki kumi na saba. Mimi, mgeni wa kazi, niliona visanduku vinabaki vitupu, nikavionea huruma. Nikavijaza sifuri. Basi gari iliyokuwa kwenye karatasi ikawa haipo duniani, na iliyokuwepo duniani ikawa haipo kwenye karatasi. Ilikaa uani wiki tatu mpaka kuku wa mlinzi wakatagia kiti cha nyuma.

Papa Katembo hakunifokea. Alinipa karatasi nyeupe na kalamu ya risasi, akanituma chini ya gari na kitenge changu kipya. Unalaza karatasi juu ya chuma, unasugua kwa kalamu, namba inajitokeza yenyewe, hakuna wa kubishana nayo. Nilipotoka chini nimejaa vumbi na mafuta, akaniambia: "Andika ile chuma inasema. Usiandike ile karatasi inataka."

Nimewafundisha wengi maneno hayo. Mimi mwenyewe niliyasahau siku yalipohitajika, na ndiyo habari ninayotaka kuwapa, hizi nyingine zote ni kusafisha koo.

Kulikuwa na shofere wa Nyamitaba, Papa Bauma. Mhunde wa kilimani, mrefu, mkimya, mwenye shati la mikono mirefu hata jua likiwaka. Alikuwa na jeep ya zamani ya Kijapani, usukani upande wa kuume, huo ambao wenzetu wa pwani wanauita wa kulia. Alipakia maharagwe na jibini za kina mama wa Nyamitaba, anateremka nazo Walikale, mara nyingine mpaka Hombo, anarudi na mawese. Njia hiyo mnaijua. Kuna mahali unaishukia kwa kusali. Miaka yote hiyo Papa Bauma hakumwangusha abiria hata mmoja, na kina mama walimwachia mizigo bila kuhesabu.

Nilimfahamu miaka mingi kwa sababu kila alipofika Goma alipita kunisalimia. Na kila mara alinipa kifundo cha mkono, kama wanavyofanya watu wa garaji wakiwa na mafuta viganjani. "Mikono iko muchafu, Mama," anasema. Nashika kifundo juu ya kitambaa cha shati, tunaendelea na mengine. Mambo ya kawaida, nani asiyejua salamu ya fundi?

Siku moja jeep yake ikakatika chasi mlimani, ikiwa na mzigo. Hakuna aliyeumia. Waliiburuza mpaka kwake Nyamitaba, akaifunika turubai, akateremka Goma kunitafuta.

"Mama Masika, minataka ile ile. Moteri ile ile, sura ile ile. Pièces zote niko nazo."

"Ya zamani vile? Itachukua siku, Papa."

"Nitangoja. Lakini uandike muzuri: conduite à droite."

"Conduite à droite. Nimesikia."

"Usisahau, Mama. Kitu ya kwanza njo ile."

Nikaandika. Kisha nikafanya kosa la mtu anayejiona ana akili. Hayo maneno ya Kifaransa yana maana mbili. Yanaweza kuwa usukani uliowekwa kuume ndani ya gari. Yanaweza pia kuwa kuendesha upande wa kuume wa barabara, kama sheria ya nchi yetu inavyotaka, na gari iliyotengenezwa kwa barabara hizo ina usukani kushoto. Maneno ni yaleyale, magari ni mawili tofauti. Wakati huo wakubwa walikuwa wameanza tena kuukasirikia usukani wa kuume. Leo wanaukataza, kesho wananyamaza, keshokutwa wanaukataza upya. Nikajiambia: Papa Bauma amechoka kusimamishwa kwenye barieri, vile vizuizi vya barabarani, anataka gari ya kufuata sheria. Mtu mwerevu! Na mimi deklaran mwerevu zaidi!

Huko Japani wenyewe usukani uko kuume. Kuipata ya zamani yenye usukani kushoto ni kutafuta kuku mwenye meno. Nilitafuta miezi minne. Niliandikiana na wauzaji, nilibishana na wakala wa bandarini, nilipokea picha za kila aina ya kutu. Kila wiki Papa Bauma alinipigia kutoka kilimani, pale mtandao unaposhika.

"Mama, imefika wapi?"

"Vumilia. Natafuta ile unataka, si ile iko mingi."

"Mama, maharagwe inakaribia kukauka. Kuko shofere mwengine anakuya kuomba mizigo ya bale bamama. Kama sijarudi mbele ya mavuno, njia yangu imekwisha. Miye sina kazi ingine."

Nilisikia, nikahuzunika, nikaendelea kutafuta kwa bidii kitu ambacho hakukitaka. Wanangu, hakuna mtu anayechosha dunia kama yule anayekusaidia bila kukuuliza. Nilikuwa huyo mtu.

Gari ilipofika Goma nilijivuna kama bibi harusi. Nilikuwa nimelinusa zulia nikakuta halina harufu ya bahari, nimefunua mikeka nikakuta hakuna mchanga wa mafuriko, nimesugua namba ya chasi kwa kalamu ya risasi. Hata jeki na gurudumu la akiba vilikuwepo, na hivyo kwa kawaida hutembea vyenyewe kati ya bandari na mpaka. Siku ya kuichukua, wenzangu wote wa uwanjani walikuja kutazama, pamoja na kina mama wanaouza mikate getini.

Papa Bauma alifika amevaa kofia mpya. Akanipa kifundo. Akaizunguka gari mara moja, akagusa bati kwa mkono wa kushoto, akatabasamu. Kisha akafungua mlango wa kuume akaketi. Mbele yake palikuwa na kisanduku cha kuwekea makaratasi, basi.

"Papa Bauma," nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "unataka miye njo nikuendeshe?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akashuka, akazunguka, akaingia upande wa kushoto, akawasha. Mota ikaitika mara moja, nikamshukuru Mungu.

Halafu nikaona jambo la ajabu. Kutia vitesi ya kwanza, yaani gia, aliupitisha mkono wa kushoto mbele ya kifua chake mpaka kwenye kile chuma katikati, usukani akauacha. Gari ikaondoka. Kutia ya pili, tena vilevile, mkono wa kushoto ukavuka kifua, usukani mtupu. Uwanja ule unateremka. Gari ikajielekeza yenyewe kwenye nguzo ya geti, na taa ya mbele ikapasuka. Taa ile! Taa niliyoivusha bahari nzima na mipaka yote bila mkwaruzo!

Hasira ikanipanda mpaka kwenye nywele. Nilikimbia mpaka dirishani nikapiga kelele:

"Papa Bauma! Mukono yako ya kuume unaichunga ya nini? Ya kupokelea komunyo?"

Wakacheka tena, mpaka wauza mikate. Ningependa kuwaambia kwamba nilijizuia, au kwamba niliona uso wake nikanyamaza. Hapana. Nilicheka nao.

Akazima mota. Alingoja watu watawanyike, maana kicheko hakikai pale ambapo hakuna anayejibu. Kisha akakunja mkono wa shati lake la kuume, polepole, kwa vidole vya kushoto. Kuanzia kwenye kiwiko kushuka, mkono ulikuwa mwembamba kuliko wa mtoto, una kovu refu limeingia ndani. Vidole vilikuwa vimejikunja kidogo.

"Jeki iliteleza," akasema. "Ku njia ya Walikale, zamani, mbele bado hatujuane. Gari ikanikalia. Inaweza kushikilia volan kidogo, vile niko nabadilisha vitesi. Lakini kusukuma ile chuma ya vitesi, haiweze. Kushoto njo inafanyaka kazi yote, na ikivuka kifua inafungia ya kuume njia ya volan."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Mama, nani anaweza kupakia mizigo yake kwa shofere wa mukono moja?"

Akaongeza, bila ukali, na huo upole ndio ulioniumiza: "Nilikuambia. Nilisema conduite à droite. Nilisema usisahau."

Mnaelewa? Usukani ukiwa kuume, vitesi vinabadilishwa kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Ukiwa kushoto, vinabadilishwa kwa mkono wa kuume, na wa kwake haukuwa na nguvu. Mtu huyu aliendesha njia ile miaka yote na akaificha siri yake mahali pa wazi, ndani ya gari ambayo kila mtu aliisema kuwa ina usukani wa upande usiofaa. Nami nikakumbuka kitu, nikaona aibu. Mikono yake ilikuwa safi siku ile. Siku zote ilikuwa safi. Miaka yote ile nilishika kifundo chake na sikuwahi kuvitazama viganja. Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kukagua!

Nililia. Nasema wazi, nililia kwa hasira, hasira juu yangu mwenyewe, mbele ya nguzo ya geti. Nilikuwa nimeandika kile karatasi inataka.

Kuiuza ile na kutafuta nyingine kungechukua miezi, na maharagwe hayangoji mtu. Ndipo nilipokumbuka neno lake la siku ya kwanza: pièces zote niko nazo, yaani vipuri. Chini ya turubai kule Nyamitaba kulikuwa na jeep ya namna ileile, chasi imekatika lakini kifua kizima: sanduku la usukani la upande wa kuume, pedali, dashibodi, mabomba ya breki. Nikaenda kwa Fundi Heri.

Fundi Heri alikuwa bingwa wa kuhamisha usukani Goma nzima. Siku hizo kila mtu alikuwa anauhamisha kutoka kuume kwenda kushoto, ili barieri zimwache apumue. Lakini ubingwa wa Heri ulikuwa na historia. Gari yake ya kwanza kuhamisha, alichukua sanduku la usukani la kuume akaligeuza tu juu chini akalifunga kushoto. Wanangu, sikilizeni, hili litawaokoa maisha: sanduku la usukani likigeuzwa hivyo, nalo linageuza maana. Ukikata kushoto, gari inaenda kuume. Mwenye gari alitoka garaji, akataka kumkwepa mbuzi, akamfuata mbuzi mpaka ndani ya shamba la ndizi la parokia. Kwa hiyo usimkubali fundi anayekuambia atageuza. Muulize: sanduku la upande huo unalo? Kama hana, ondoka na funguo zako.

Nilipomweleza Heri ninachotaka, aliweka chini ufunguo wake.

"Mama Masika, uko mulevi? Batu bote banatoka kuume banaenda kushoto. Weye unarudisha?"

"Narudisha."

"Juu ya nini?"

"Juu nimesema."

Nilikodi kamioni, lori la mizigo, nikapanda mwenyewe Nyamitaba kuchukua hivyo vyuma, mvua inanyesha, kuanzia Sake ni matope, na mke wa Papa Bauma akanifungulia turubai bila kuniuliza swali. Alijua, bila shaka. Nani mwingine alimfungia mumewe vifungo vya shati asubuhi? Alinipa jibini moja nibebe, na kwa jinsi nilivyokuwa nimemchelewesha mumewe, sikustahili hata maganda yake.

Kila siku nilikaa kwenye kiti kidogo ndani ya garaji mpaka Heri akaniomba, kwa heshima zote, nirudi nyumbani, maana namtetemesha. Walitoboa bati upande wa kuume, wakaziba tundu la kushoto, wakahamisha pedali moja moja. Mnaosema siku hizi kwamba mtamaliza kazi hiyo mchana mmoja, mnasema uongo au mtaua mtu. Kabla sijaipokea, nilimwamuru Heri akate usukani kushoto mbele yangu, nitazame magurudumu yanakwenda wapi. Yakaenda kushoto. Nikamwambia arudie.

Ikabaki karatasi. Ofisini kulikuwa na fomu ya mabadiliko ya gari, na fomu hiyo ilijua njia moja tu: kutoka kuume kwenda kushoto. Imechapwa hivyo, mshale na kila kitu. Nilirudi pale mara nne. Mara mbili mwenye muhuri hayupo, mara moja yupo na muhuri haupo. Mara ya nne nilichukua kalamu yangu nikachora mshale mwingine, ukitazama upande wa pili.

Mwenye muhuri akanikazia macho. "Mama, hii haijapata kuonekana. Tuandike sababu gani?"

Papa Bauma alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wa shati umeshuka mpaka kwenye kifundo. Nilimtazama. Akatazama dirisha.

"Andika: mwenye gari njo anataka," nikasema. "Aliomba gari ya upande ule, nikamletea ya upande huu. Kosa ni langu, mimi Masika. Gonga."

Akagonga, nadhani kwa kuchoka tu.

Papa Bauma alinipandisha yeye mwenyewe safari ya kwanza, mavuno yakiwa yameanza. Nilikaa kushoto. Kama hamjui, usukani ukiwa kuume kwenye barabara zetu, shofere anaona vizuri ukingo wa bonde pale gurudumu linapoukanyaga, lakini haoni mbele akitaka kuipita kamioni. Aliyekaa kushoto ndiye jicho. Anachungulia, anasema "Bado" au "Pita". Juu ya Sake nilisema "Pita" mapema mno, na kamioni nyingine ikatutokea uso kwa uso. Mkono wake wa kushoto ukashusha vitesi, ule mwembamba ukashikilia usukani, tukarudi nyuma ya mzigo wa makaa kama vile hakuna kilichotokea.

"Mama," akasema, "weye ubakie ku makaratasi."

Nyamitaba kina mama walikuwa barabarani na magunia, na yule shofere mwingine alikuwa amekwisha kuegesha hapo, anangoja jibu lao. Walipoona kofia ya Papa Bauma upande wa kuume, hawakujadiliana. Walianza kupakia.

Aliendesha miaka mingi baada ya hapo, barabara inapofunguka na inapofungwa. Sikumwambia mtu. Mwezi uliopita alikuja kuniona hapa kilimani, mzee sasa, gari amemwachia mkwewe. Nilimwambia kwamba ninawaandikia ninyi habari za kazi, na kwamba yake nitairuka.

"Andika," akasema. "Sasa nani atanikataza kupakia?"

Alipoinuka kwenda nilinyoosha mkono kukishika kifundo, kama siku zote. Hakunipa kifundo. Alinipa kiganja chenyewe, cha kuume, kilikuwa baridi na chepesi, nami nikakishika kwa mikono yangu miwili yenye udongo wa mihogo.

"Ni yangu njo iko muchafu leo," nikamwambia.

"Haina neno, Mama," akasema, na hakukiondoa upesi.

Haya. Leteni hizo simu, maana najua hamtaniacha. Lakini picha zikae kwanza. Nionyesheni mikono itakayoshika usukani.